Jinsi nyika ya Mkomazi inavyochanua na kuzaa

Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi iko kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Upande wa kusini na magharibi imezungukwa na milima ya Pare na Usambara, na upande wa kaskazini inapakana na Hifadhi ya Tsavo Magharibi ya Kenya. Ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 3,200. Ilianza kama pori la akiba mwaka 1951, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Inapotajwa, hutajwa zaidi kwa faru weusi na mbwa mwitu waliorejeshwa huko, na sifa hiyo ni halali. Hata hivyo, utajiri wake mkubwa zaidi haukimbii wala haungurumi. Umesimama, una miiba, na kwa miezi mingi ya mwaka hauna hata jani.

Utajiri huo ni mimea. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na Uingereza walishirikiana katika utafiti mkubwa wa Mkomazi, ulioongozwa na Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na Idara ya Wanyamapori ya Tanzania. Matokeo yake yalichapishwa kitabuni mwaka 1999. Orodha ya mimea iliyopatikana ilivuka aina 1,000. Kwa eneo linaloonekana kame kiasi kile, hiyo ni idadi ya kustaajabisha, na sababu zake zinafaa kuelezwa.

Ya kwanza ni mahali penyewe. Milima ya Pare na Usambara huzipokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi na kubaki na sehemu kubwa ya mvua. Nyuma yake, Mkomazi hupata kinachobaki. Ndiyo maana msafiri wa barabara ya Korogwe kwenda Same huona misitu ya kijani juu ya milima na vichaka vikavu bondeni, vyote kwa mtazamo mmoja. Mkomazi imo katika sehemu ya kusini ya ukanda mkavu ambao wataalamu wa mimea huuita ukanda wa Somalia na Umasai, unaoshuka kutoka Pembe ya Afrika kupitia kaskazini na mashariki mwa Kenya. Baadhi ya mimea ya ukanda huo huishia karibu na hapa. Upande wa kusini-mashariki, kuelekea bonde la Mto Umba, ardhi huteremka na mimea ya pwani huanza kujitokeza. Ardhi ya hifadhi huanzia karibu mita 230 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 1,500 kwenye vilima vya kaskazini-magharibi, ambako ukungu hulisha vipande vidogo vya msitu mkavu. Mtu akitembea kwa saa chache tu kutoka kilima hadi bondeni, anakuwa amepita katika makazi ya mimea isiyojuana kabisa.

Sababu ya pili ni udongo. Juu ya vilima ni mwekundu, wenye kupitisha maji upesi. Mabondeni ni wa mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka matope yanayonata wakati wa masika. Migunga yenye miiba iliyovimba hupenda udongo huo mweusi, ambao miti mingine huushindwa. Miti ya jamii ya manemane hupendelea udongo mwekundu na miteremko ya mawe. Kwa hiyo kila bonde na kila mgongo wa ardhi una wenyeji wake.

Kila mmea unaoishi hapa lazima ujibu swali moja gumu: utazaa lini? Mvua huja mara mbili kwa mwaka, vuli kuanzia karibu Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na mara nyingi moja kati ya hizo huchelewa au hukosa kabisa. Mmea unaosubiri mvua ndipo uanze kutengeneza majani, kisha maua, kisha mbegu, unaweza kukuta maji yamekwisha kabla mbegu hazijakomaa. Mingi imelitatua tatizo hilo kwa kuchanua mapema. Miti kadhaa hutoa maua ikiwa bado haina majani, kwa kutumia akiba iliyowekwa shinani na mizizini tangu msimu uliopita. Katika nyika za Afrika Mashariki kuna yungiyungi jekundu lenye kichwa cha duara ambalo tunguu lake hukaa ardhini kimya kiangazi kizima, kisha hutoa ua kubwa mara mvua za kwanza zinapoanza, hata kabla ya jani kutokeza. Mimea inayotambaa ya jamii ya viazi vitamu yenyewe hufuata mvua: hufungua maua meupe na ya zambarau asubuhi, na kufikia alasiri maua hayo yamenyauka. Ua huishi siku moja, lakini mmea hutoa maua mapya kila siku kwa muda wote unyevu unapokuwepo.

Kuchanua mapema kuna gharama yake. Miti inapochanua pamoja katika majuma machache, yote huwa inawahitaji wadudu walewale. Hapo ndipo migunga ya Mkomazi ilipowapa watafiti somo.

Migunga ni mingi hifadhini, na aina zake ni nyingi. Wataalamu sasa wanaigawa katika makundi mawili, Vachellia na Senegalia, baada ya mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Vienna mwaka 2005 kuamua kwamba jina Acacia libaki kwa jamaa zao wa Australia. Baadhi huwa na maua ya duara, madogo kama shanga za pamba, meupe au ya njano. Mingine huwa na maua ya kurefuka. Kila kiduara ni mkusanyiko wa maua mengi madogo, na kila ua dogo ni kifungu cha stameni zenye chavua. Aina kadhaa kati ya hizi hazitoi nekta kabisa mauani, au hutoa kidogo mno. Zinachowapa wadudu ni chavua yenyewe, chakula chenye protini ambacho nyuki huhitaji kulelea watoto.

Sasa, ikiwa aina kadhaa za migunga zimesimama bega kwa bega, zimechanua juma moja na zinatembelewa na nyuki walewale, hatari ni dhahiri. Nyuki atatoka kwenye mti wa aina moja akiwa amepakaa chavua, atatua kwenye mti wa aina nyingine, na chavua hiyo itapotea bure. Mbaya zaidi, inaweza kuziba nafasi ya chavua iliyofaa. Graham Stone, Pat Willmer na Alexandra Rowe, waliofanya utafiti wao Mkomazi na kuuchapisha mwaka 1998, walitaka kujua ni nini kinachoiokoa migunga na vurugu hiyo. Walipima tofauti za mahali, za majira ya kuchanua na za aina za wadudu. Zote zilisaidia kidogo, ila hazikutosha. Jibu kubwa lilikuwa ndani ya siku moja. Kila aina ya mgunga hufungua vifuko vyake vya chavua kwa saa yake, miti yote ya aina hiyo kwa pamoja, na saa za aina mbalimbali zimepangana kwa nafasi zinazokaribia kulingana tangu asubuhi hadi alasiri. Nyuki nao wamejifunza ratiba hiyo. Huhamia kwenye mgunga wa kwanza chavua yake inapotoka, na inapokwisha huuacha na kwenda kwa mwingine ambao zamu yake imefika. Mdudu yuleyule huihudumia yote, na kwa sehemu kubwa chavua haichanganyiki.

Ugunduzi huo una uzito zaidi ya uzuri wake. Unaonyesha kwamba aina nyingi zinaweza kuishi pamoja bila kuwa na wachavushaji tofauti. Kinachohitajika ni kugawana muda. Unaonyesha pia kwamba kuorodhesha aina za mimea bila kujua zinavyopangana ni kuijua nusu ya habari. Msitu wa migunga uliokatwa nusu unaweza kubaki na aina zote zilezile kwenye orodha, huku ratiba iliyozilinda ikiwa imevurugika kwa sababu nyuki wamepungua.

Chavua ya migunga nayo ina ubunifu wake. Katika mimea mingi chembe za chavua husambaa mojamoja. Katika migunga hufungwa pamoja katika vifurushi, mara nyingi vya chembe 16. Ncha ya sehemu ya kike ya ua ina shimo dogo lenye ukubwa wa kutosha kifurushi kimoja tu, na idadi ya mayai ndani ya ovari kwa kawaida haizidi idadi ya chembe zilizomo. Kifurushi kimoja kikitua mahali pake, kinatosha kurutubisha ganda zima. Mbegu zote za ganda hilo huwa za baba mmoja na mama mmoja. Katika nyika ambako mdudu anaweza kulifikia ua mara moja tu kabla halijanyauka, hakuna mpango uliofaa kuliko huo. Hata hivyo, maua yanayozaa ni machache mno. Mgunga unaweza kuwa mweupe kwa maua kutoka shinani hadi kileleni, kisha ukatoa maganda ya kuhesabika. Maua mengi huwa ya kiume tu kwa kazi yake, ya kutoa chavua, na mti hauna nguvu za kulea maganda kwa kila ua lililochavushwa.

Baadhi ya migunga ina tatizo jingine, la walinzi. Vachellia zanzibarica, mgunga wa maua ya njano unaoota kwenye udongo mweusi wa Mkomazi, una miiba iliyovimba chini na yenye uwazi ndani. Sisimizi hufanya makazi humo. Mti huwapa pia utamu unaotoka kwenye tezi ndogo za vikonyo vya majani. Sisimizi hulipa kwa kumshambulia kila anayekuja kula majani, awe twiga au kiwavi. Mpango huo ni mzuri mpaka siku ya kuchanua, kwa sababu sisimizi hawabagui: nyuki anayekuja kuchavusha naye ni mgeni wa kufukuzwa. Pat Willmer na Graham Stone walionyesha mwaka 1997, kwa utafiti uliofanyika Mkomazi, jinsi mti unavyoepuka hasara hiyo. Ua changa hutoa harufu inayowafukuza sisimizi, na nguvu yake huwa kubwa wakati uleule chavua inapokuwa tayari. Nyuki hufanya kazi yao kwa usalama. Ua likishazeeka harufu hupotea, sisimizi hurudi, na kuanzia hapo wanalinda ganda changa dhidi ya wadudu wanaolila. Maua yaliyozungukiwa na sisimizi kwa wakati unaofaa huzaa mbegu zaidi. Kwa mmea usio na ubongo wala macho, huo ni upangaji wa kazi ambao kiwanda chochote kingeutamani.

Ndugu wa mgunga huo, Vachellia drepanolobium, ule unaovuma kwa mluzi upepo unapopita kwenye matundu ya miiba yake, umechunguzwa zaidi Laikipia nchini Kenya. Huko aina nne za sisimizi hugombania mti mmojammoja, na si zote zina faida sawa. Mojawapo hukata machipukizi na maua ya mti inaoishi, ili matawi yasigusane na ya mti wa jirani wenye sisimizi wengine wenye nguvu zaidi. Mti unaokaliwa na hao huwa tasa kwa miaka yote wanayokuwepo. Wanasayansi waligundua baadaye kwamba hata utasa huo wa muda unaweza kuwa nafuu kwa mti, maana sisimizi hao wakali huuvusha salama katika ujana wake, na uzazi huja wenyeji wapya wanapochukua nafasi. Jaribio jingine la Laikipia, lililochapishwa mwaka 2008, lilishangaza zaidi. Watafiti walizungushia sehemu za nyika uzio ili tembo na twiga wasifike kwa miaka kumi. Miti iliyookolewa na walaji haikustawi. Ilipunguza miiba ya kuvimba na utamu kwa kuwa haikuwa na haja ya walinzi, sisimizi walinzi wakadhoofika, wadudu watoboao shina wakaingia, na miti ikakua polepole na kufa kwa wingi kuliko ile iliyokuwa inaliwa kila siku.

Uzazi wa nyika hauishi jua linapotua. Mbuyu, ambao unaota sehemu za chini za Mkomazi na kandokando ya barabara kuu ya Tanga, hufungua maua yake jioni. Ua ni jeupe, kubwa kama kiganja, limening'inia kwenye kikonyo kirefu mbali na matawi, na lina harufu nzito isiyopendeza puani mwa binadamu. Vyote hivyo vinamlenga popo wa matunda. Anafika gizani, analishika ua kwa makucha, anaramba nekta, na kifua chake kinajaa chavua anayoipeleka kwenye mbuyu mwingine, labda kilomita nyingi kutoka hapo. Komba nao hufika na huenda wakasaidia, ila hawasafiri mbali. Kufikia siku inayofuata ua limeanguka. Popo hao hao wanaofukuzwa kwenye maembe na mapapai, na wanaochomewa moto mahali wanapolala, ndio wanaowezesha ubuyu unaouzwa kwa watoto shuleni kuwepo.

Kandokando ya mito, mkuyu una uhusiano mwembamba zaidi, kwani aina moja ya nyigu mdogo ndiyo inayouchavusha. Nyigu jike huingia ndani ya tini kwa tundu dogo ambalo mara nyingi humng'oa mabawa, huchavusha maua yaliyofichwa humo, hutaga, kisha hufa mumo humo. Watoto wake hutoka wakiwa na chavua na kuutafuta mkuyu mwingine. Utafiti uliofanyika Namibia ulionyesha kwamba nyigu hao, wenye urefu wa milimita chache, hubebwa na upepo zaidi ya kilomita 100 usiku. Ndiyo maana mkuyu mmoja uliosimama peke yake kwenye korongo kavu bado huzaa.

Chozi, ndege wadogo wenye midomo iliyopinda, huchavusha mishubiri na mimea vimelea inayokaa juu ya matawi ya migunga. Maua ya mimea vimelea hiyo hufyatuka yanapoguswa na mdomo wa ndege, na kummwagia chavua kichwani.

Miti ya jamii ya manemane, inayoitwa Commiphora kitaalamu, ndiyo inayofunika sehemu kubwa ya Mkomazi pamoja na migunga. Wengi huiona mibaya: mifupi, yenye magome yanayobanduka kama karatasi na isiyo na majani nusu ya mwaka. Uzazi wake una sharti gumu. Katika aina nyingi, mti mmoja huwa dume na mwingine jike. Maua ni madogo kiasi kwamba mpita njia hayaoni, na hutoka mvua inapokaribia au inapoanza. Tunda likiiva hupasuka, na ndani huonekana mbegu nyeusi iliyokumbatiwa na nyama nyekundu. Rangi hizo mbili huwaita ndege, hondohondo wakiwemo, ambao humeza nyama hiyo na kuiacha mbegu mbali na mama. Kwa sababu ya jinsia kutengana, manemane iliyobaki moja kwenye eneo lililofyekwa imekwisha kiuzazi, hata kama ni ya kijani na yenye afya. Huweza kuota tena kwa tawi lililoanguka au lililochomekwa, ndiyo maana wafugaji huitumia kwa uzio unaochipua, lakini tawi halileti damu mpya.

Nyasi hazihitaji wadudu. Chavua yao huchukuliwa na upepo. Baadhi, kama Cenchrus ciliaris, kwa kawaida hutengeneza mbegu bila yai kurutubishwa, kila mbegu ikiwa nakala ya mama. Themeda triandra, nyasi ndefu nyekundu ya nyika, ina mbegu yenye mkia uliojisokota. Mkia huo hujizungusha unapopata unyevu na unapokauka, na kwa kujizungusha huko huisukuma mbegu ndani ya ufa wa udongo, ambako moto wa juu hauifikii.

Baada ya mbegu kukomaa, safari yake ndiyo inayoamua kila kitu. Maganda ya Vachellia tortilis, mgunga wa mwavuli, hujiviringa na kuanguka bila kupasuka wakati wa kiangazi kikali, nyasi zinapokuwa zimekauka na kukosa lishe. Swala pala, twiga, mbuzi na tembo huyapenda kuliko chakula kingine cha msimu huo. Lakini kuna anayewahi mbele yao: fukusi wa mbegu. Jike hutaga kwenye ganda, buu hutoboa na kuingia ndani ya mbegu na kuila, kisha hutoka kama mdudu mzima kwa tundu la mviringo. Ganda lililokaa chini kwa muda mrefu linaweza kukutwa karibu mbegu zake zote zina tundu hilo. Malcolm Coe, mmoja wa viongozi wa utafiti wa Mkomazi, alikuwa miongoni mwa waliochunguza mapambano hayo katika nyika za Afrika. Mnyama akilila ganda mapema, joto na majimaji ya tumbo huwaua mabuu wakiwa wadogo, ganda gumu la mbegu hulainika kiasi cha kuruhusu maji kupenya, na mbegu hutoka kilomita kadhaa mbali, ndani ya kinyesi chenye unyevu na rutuba. Akichelewa, anakula maganda matupu. Kwa hiyo tembo anayekata matawi na kuangusha miti, ambaye mtazamaji humwona kama mharibifu, ni mpandaji wa miti hiyo hiyo.

Migunga mingine haimtegemei mnyama. Senegalia senegal, mtoa gundi, una maganda mepesi kama karatasi yanayopasuka na kurushwa na upepo. Mbegu zake hazina ganda gumu la kusubiri miaka. Mvua ikifika huota, na isipofika hupotea. Mbegu ya mgunga wa mwavuli yenyewe inaweza kulala ardhini kwa miaka ikingoja nafasi. Ni mbinu mbili kinyume, na katika nyika yenye mvua isiyotabirika kila moja hushinda kwa zamu.

Mche ukishaota, hatari huongezeka. Mgunga wa mwavuli haukui chini ya kivuli cha mama yake. Unahitaji jua, na jua huwa mahali palipo wazi, ambapo ndipo swala wanapolisha. Ushahidi wa jambo hili uko Manyara. Huko watafiti walipima umri wa migunga wakagundua kwamba miti mingi ilianza katika vipindi viwili tu: mwishoni mwa karne ya 19, ugonjwa wa sotoka ulipoangamiza ng'ombe na wanyamapori, na karibu mwaka 1961, kimeta kilipowaua swala pala kwa wingi. Katika miaka mingine miche iliota na kuliwa. Msitu unaoonekana wa siku zote ulizaliwa katika miaka michache ya msiba.

Moto una sehemu yake. Miti mingi ya nyika huchipua upya kutoka shinani baada ya kuungua, lakini mche unaochomwa kila mwaka hubaki kimo cha goti kwa muongo mzima bila kuzaa. Katika Mkomazi jambo hili lina historia nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji waliokuwa wakilisha humo waliondolewa, na suala la haki zao lilifika mahakamani. Kwa upande wa mimea, kuondoka kwa ng'ombe kuliacha nyasi nyingi zaidi, na nyasi zisizoliwa hugeuka kuni za moto wa kiangazi. Kuzuia ng'ombe peke yake hakuwezi kuitwa ulinzi wa mimea. Ratiba ya moto inahitaji kusimamiwa kwa uangalifu uleule.

Tembo wa Mkomazi na wa Tsavo ni kundi moja linalovuka mpaka. Wengi huingia Tanzania mvua zinaponyesha na kurudi Kenya kiangazi kinapokaza. Katika miaka ya 1950 na 1960 wingi wao uliibadili Tsavo kutoka vichaka vya manemane kuwa nyasi. Ukame wa miaka ya 1970 na 1971 ukawaua tembo kwa maelfu, ujangili ukafuata, na vichaka vikarudi. Kwa mimea, kupanda na kushuka huko ni sehemu ya maisha, mradi mbegu zipo, wachavushaji wapo, na njia za wanyama kati ya nchi hizi mbili ziko wazi.

Hatari mpya ni mmea unaojua kutumia njia hizo vizuri kuliko wenyeji. Prosopis juliflora, ambao nchini Kenya huitwa mathenge, ulitoka Amerika na kupandwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia kuenea kwa jangwa. Umeshaingia mkoa wa Kilimanjaro karibu na mpaka. Maua yake hutoa nekta nyingi inayowavuta nyuki, na maganda yake ni matamu, hivyo ng'ombe, mbuzi na wanyamapori huyala kwa pupa na kusambaza mbegu kwenye kinyesi, kama wanavyofanya kwa mgunga wa mwavuli. Tofauti ni kwamba mathenge huota kwa msongamano usiopitika, hunyonya maji ya chini kwa mizizi mirefu, na ukikatwa huchipua mashina mengi pale lilipokuwa moja. Panga haliutoshi. Wananchi wa wilaya za Mwanga na Same wanaouona shambani au malishoni waung'oe na mzizi ungali mche, kabla haujatoa ganda la kwanza. Na mifugo iliyokula maganda yake izuiliwe mahali pamoja kwa siku kadhaa kabla ya kupelekwa malisho mapya. Ukishajipenyeza ndani ya Mkomazi na tembo wakaanza kuubeba, hakutakuwa na uzio wa kuuzuia.